Kusitiri si Kufukia

Dodoma kuna hospitali ya magonjwa ya akili ambayo jina lake limegeuka tusi. Mtu akivuka barabara bila kutazama, dereva huchomoza kichwa dirishani na kumpigia kelele: "Wewe, umetoroka Mirembe?" Wanafunzi wakimwona mwenzao anacheka peke yake, humwambia zamu yake ya kwenda Mirembe imefika. Nairobi wana Mathari yao, Unguja wana Kidongo Chekundu, na utani ni ule ule. Hospitali nyingine hatuzifanyii hivyo. Hakuna anayemtukana mwenzake kwa kumwambia aende kliniki ya kisukari, na mwenye jino bovu hachekwi kwa kukaa foleni ya daktari wa meno.

Utani huu wengi tunauona hauna ubaya, lakini umejenga ukuta mbele ya watu ambao hata kitanda cha Mirembe hawakihitaji. Nawasema watu wanaoamka asubuhi, wakaoga, wakapanda daladala, wakafundisha watoto wa wenzao, wakafungua maduka, wakalipa kodi ya nyumba, na muda wote huo wanaishi na hofu wasiyoweza kuieleza. Wanaumwa ugonjwa wa wasiwasi. Nami ni mmoja wao, kwa hiyo haya siyasemi kwa kusimuliwa.

Wasiwasi kila mtu anao, na wahenga waliposema wasiwasi ndio akili hawakukosea. Mama asiyeshtuka giza likiingia na mtoto hajarudi, huyo ndiye wa kutiliwa shaka. Nahodha asiyeogopa kusi hafiki mbali. Ukikutana na nyoka njiani, mwili hukusaidia kabla hujafikiri: adrenalini humwagika kwenye damu, moyo huongeza kasi, pumzi hukimbia, misuli hukaza, nawe unaruka pembeni. Nyoka akishapita, mwili hutulia, ukaenda zako ukisimulia.

Ugonjwa ni pale nyoka hayupo na mwili haukubali. Siku zinapita, miezi inapita, moyo bado uko mguu pande mguu sawa. Usiku usingizi hauji, na ukija unakatika saa tisa, ukabaki umetazama dari ukihesabu mambo yanayoweza kuharibika. Simu ikiita unajua ni msiba. Bosi akisema "njoo ofisini mara moja," tayari umeshafukuzwa kazi kichwani mwako, umeshahama nyumba, watoto wameshatolewa shule. Unajua kabisa kwamba unawaza kupita kiasi, na kujua huko hakukusaidii kitu.

Wakati mwingine hofu hiyo huja yote kwa mpigo. Nitaeleza inavyokuwa, maana ambaye haijamfika huwa anadhani tunazungumzia woga wa kawaida. Gari limejaa, linatoka Mbagala kwenda Kariakoo, foleni haisogei, konda anagonga bati. Ghafla moyo unaanza kwenda mbio. Kifua kinabana. Vidole vinakufa ganzi, ganzi inapanda mikononi, midomo nayo inachonyota. Jasho jembamba linatoka shingoni, sauti za abiria zinakuwa za mbali. Unajua, bila chembe ya shaka, kwamba unakufa, na kwamba utafia mbele ya watu usiowajua. Unasema "shusha" kwa sauti isiyo yako, unashuka kituo kisicho chako, unakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa. Baada ya muda dhoruba inapita. Muuza maji amesimama anakutazama, nawe unanunua chupa usiyoihitaji ili uwe na sababu ya kuendelea kukaa pale.

Kitabibu jambo hili linaelezeka. Mtu akipumua haraka kupita mahitaji ya mwili, hewa ya kaboni dioksidi hupungua katika damu, na upungufu huo ndio unaoleta kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo. Shambulio la namna hii kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika chache, kisha huanza kushuka. Halimuui mtu. Madhara yake makubwa huja kesho yake, pale unapoamua kutopanda tena daladala. Siku hiyo unapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo mtego, kwa sababu mwili umejifunza kwamba daladala kweli ni hatari na kwamba kuikwepa ndiko kulikokuokoa. Wiki inayofuata unakwepa soko. Baadaye harusi ya binamu, baadaye semina ya kazini, mwisho unakataa cheo kwa kuwa kinakutaka usimame mbele za watu. Dunia yako inapungua ukubwa, na hakuna aliyekufungia.

Nenda sasa hospitali. Watakupima presha, watakupima damu, watakuunganisha nyaya za kipimo cha moyo. Ni vizuri wakafanya hivyo, kwa kuwa upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo na matatizo ya moyo wenyewe yanaweza kuleta dalili zinazofanana na hizo. Majibu yakirudi safi, daktari mwenye foleni ndefu mlangoni atakwambia: "Huna tatizo." Utatoka na vitamini. Mwezi ukipita na mapigo yakirudi, utakwenda maabara ya mtaani, na maabara ya mtaani haikosi ugonjwa: leo una taifodi, wiki ijayo una U.T.I., mara minyoo. Utameza dozi baada ya dozi ya maradhi usiyo nayo. Nawajua watu waliozunguka hivyo kwa miaka, wakauza na vitu vya ndani, bila mtu hata mmoja mwenye koti jeupe kuwauliza: "Unalala? Unaogopa nini?"

Hawaulizwi kwa sababu katika mawazo yetu hakuna pa kuwaweka. Tumejenga vyumba viwili tu. Kimoja ni cha wazima, cha pili ni cha wendawazimu, na katikati tumeacha uwanja mtupu usio na paa. Mwenye wasiwasi akisema anaumwa, anaulizwa anaumwa wapi; akishindwa kuonyesha mahali, basi anadeka, ana uvivu, anatafuta kuonewa huruma. Akisisitiza kwamba ni kichwa, anahamishiwa chumba cha pili, na wote tunajua cha pili hakina mlango wa kutokea. Kati ya kuitwa mwongo na kuitwa kichaa, mtu mwenye akili zake huchagua kunyamaza. Uwanja huo nao una watu wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 359 duniani waliishi na maradhi ya wasiwasi, na kwamba ni kama mmoja tu kati ya wanne wenye maradhi hayo anayepata tiba yoyote.

Vyumba hivyo viwili vina historia. Mwanzoni mwa karne ya 20, wamisionari wa Kijerumani waligeuza kituo chao cha Lutindi, katika milima ya Usambara, kuwa mahali pa kuwahifadhi wagonjwa wa akili. Nairobi, mwaka 1910, majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui yaligeuzwa nyumba ya vichaa, ndiyo Mathari ya leo. Mirembe ikafuata chini ya Waingereza, na jirani yake ikawekwa Isanga, ya wagonjwa wa akili waliotenda makosa ya jinai. Kazi ya kwanza ya nyumba hizo ilikuwa kuwaondoa barabarani wale waliovuruga utulivu wa mji, tiba ikaja nyuma. Mtu aliyeumwa kimya kimya, asiyempiga jiwe mtu, hakuwa tatizo la serikali. Babu zetu waliona nani anapelekwa na anapelekwa vipi, wakahitimisha kwamba maradhi ya akili ni yale yanayokuja na pingu.

Tena kulikuwa na waliosema Mwafrika hana hata uwezo wa kuumwa namna hii. Daktari Mwingereza J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, kikachapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alishikilia kwamba sonona ni nadra kwetu, na akaufananisha utendaji wa akili ya Mwafrika na wa Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha andiko lake lililowaeleza wapiganaji wa Mau Mau kwa lugha ya saikolojia, kana kwamba kudai ardhi ni dalili ya ugonjwa. Mtu aliyefungwa kambini, shamba limechukuliwa, hajui mke yuko wapi, alihesabiwa kuwa hana mawazo mazito ya kumkosesha usingizi.

Sayansi hiyo ilishakanushwa zamani. Mtafiti Margaret Field alikwenda vijijini Ghana kwenye mahekalu ya jadi, akakuta wanawake wengi waliojaa huzuni na hofu, waliokuwa wakipeleka shida zao kwa makuhani kwa kuwa hospitali haikuwa na sikio kwao. Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alianza mwaka 1954 kuwatibu wagonjwa wa Aro, Abeokuta, huku wakiishi na ndugu zao katika vijiji jirani na hospitali. Asubuhi walikwenda kutibiwa, jioni walirudi kula na watu. Lakini maneno ya Carothers hayakufa. Yanaishi midomoni mwetu wenyewe kila tunaposema kwamba wasiwasi na sonona ni magonjwa ya Wazungu, ya watu walioshiba. Tunaposema hivyo tunadhani tunautetea Uafrika wetu, kumbe tunarudia hukumu ya mtawala kwamba Mwafrika ana mgongo wa kubeba tu, kichwa chake hakichoki.

Hata hivyo siwezi kumtwika mkoloni mzigo wote. Kuna sehemu ya unyanyapaa huu ambayo ni yetu, na imejificha ndani ya jambo jema. Nalisema jambo hilo kwa heshima, kwa sababu nimelelewa nalo na ningependa watoto wangu walirithi. Ni stara.

Aliyekulia pwani anajua uzito wake. Jirani akikosa unga, unampelekea sahani imefunikwa kawa ili wapita njia wasijue nani anampa nani. Mgeni akijikwaa maneno, unageuza mazungumzo. Binti akiteleza, shangazi anamchukua, anamhamishia kwake, na swali halipati pa kuanzia. Dini zetu zinafundisha kwamba amsitiriye mwenzake naye atasitiriwa. Maana yake iko wazi: kinachofunikwa ni aibu, ili mtu mwenyewe aendelee kuketi na wenzake uso ukiwa juu.

Sasa angalia tunavyofanya ugonjwa unapokuwa wa akili. Kabla ya posa kujibiwa, wazee hutuma mtu akaulizie. Ukoo huo ukoje? Hawana kifafa? Hawana wazimu? Kila nyumba inajua itaulizwa siku moja, kwa hiyo kila nyumba inajihami. Kijana wa kiume akianza kukosa usingizi na kushtuka ovyo, baraza la familia hukaa, na swali la kwanza mara nyingi ni nani mwingine anajua. La tiba huja baadaye, likija. Anapelekwa kwa ndugu wa mbali "akapumzike." Wageni wakija anaambiwa abaki chumbani. Dada zake watatu hawajaolewa, na hali yake isiwaharibie.

Matokeo yake yanaonekana ukichungulia ndani. Kuna mwanamke aliyehamisha vidonge vyake vyote kutoka kwenye pakiti za hospitali akavitia katika kopo la vitamini, na kadi ya kliniki ameikunja ndani ya foronya. Siku ya kliniki mume anaambiwa kuna kikao cha vikoba. Hospitali aliyoichagua iko wilaya nyingine, nauli yake inamla, lakini kule hakuna wa kumtambua dirishani pa dawa. Anajua majina ya dawa zake kwa herufi za mwanzo tu, kwa kuwa hajawahi kuyatamka mbele ya mtu. Huyo amefanya yote anayopaswa mgonjwa kufanya, na bado anaishi kama mtu aliyeiba.

Hapo stara imegeuzwa. Badala ya kuifunika aibu ili mtu aonekane, tumemfunika mtu ili jina la nyumba lionekane. Kufunika na kufukia vinatumia mikono ile ile, lakini aliyefunikwa anapumua. Wahenga waliona mwisho wake mapema: mficha maradhi, kilio humfichua. Walikuwa wakimsema mgonjwa anayejificha mwenyewe. Sisi tumeongeza aina ya pili, mgonjwa anayefichwa na wanaompenda.

Na ajabu ni kwamba watu wale wale wanaomfukia hadharani humwanika faraghani. Mgonjwa akijitosa akamweleza ndugu mmoja aliyemwamini, kabla ya magharibi ujumbe umeshaingia kwenye kundi la simu la ukoo: "Tumkumbuke mwenzetu kwenye maombi, amepata tatizo la akili." Mwenye kuandika ana nia njema kabisa. Lakini siri imekwisha, na atakayemwona mwenzake amefanyiwa hivyo hatafungua mdomo miaka kumi. Hatuna shida ya maneno katika jamii yetu. Barazani, saluni, kijiweni, maneno tele. Tunachokosa ni sikio lisilo na mdomo.

Nimetaja maombi, basi niseme na hili. Wapo wanaomwambia mgonjwa kwamba hofu yake ni upungufu wa imani. Husema kwa upole, na huumiza kuliko tusi la dereva, kwa sababu humnyang'anya mtu hata pale alipokuwa anakimbilia. Lakini vitabu vyenyewe havisemi hivyo. Nabii Eliya, baada ya ushindi wake mkubwa, alikimbilia jangwani akiogopa kuuawa, akaketi chini ya mti akaomba afe. Malaika aliyetumwa hakumkemea kwa uhaba wa imani. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mtume Muhammad alikuwa na dua mashuhuri ya kumwomba Mungu amkinge na wahka na huzuni, na mtu haombi kukingwa na kitu kisichowafika waja wema. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu siha ya mwili na siha ya nafsi, akaeleza hofu, huzuni na wasiwasi kama maradhi yenye sababu na yenye dawa, na akaona ni kosa kuutibu mwili ukaiacha nafsi. Huyo aliandika zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wa kumtibu mgonjwa kwa aibu leo hawezi kusingizia kwamba dini haikumfundisha.

Wala sitawacheka wazee walioita ngoma ya pepo au kuandika kombe. Ngoma ile ilimkusanyia mgonjwa watu, ikampa siku nzima akiwa yeye ndiye shughuli, na lawama ikawekwa kwa pepo, yeye akabaki mtu. Hospitali zetu nyingi zinampa mgonjwa dakika tano na karatasi. Ninachokataa ni kumchelewesha mgonjwa kwa mganga hadi anafika kliniki akiwa mifupa, na ninakataa kwa nguvu zote kumfunga kamba au kumtia njaa kwa jina la kumpunga. Dua ina mahali pake na daktari ana mahali pake. Mwenye malaria husali na hunywa dawa, na hakuna anayeona amechanganya mambo.

Kwa wanaume fundo ni jingine. Mvulana husikia "jikaze" kabla hajajua kufunga viatu. Akianguka ajikaze, akifiwa na mama ajikaze, akiachishwa kazi ajikaze kisabuni. Akifika umri wa baba, hana neno la kusema isipokuwa "niko poa." Hofu yake hutokea kwa milango mingine: hasira nyumbani, chupa jioni, mikeka ya kubeti usiku. Tunamwita mlevi au mkorofi, na inawezekana kweli ni mlevi na mkorofi, lakini hakuna aliyemuuliza alikuwa anakimbia nini alipofika hapo.

Sitaki pia kuyafanya maisha yote kuwa ugonjwa. Mama aliyechukua mkopo wa kausha damu, anayedaiwa marejesho kila siku, ambaye wakopeshaji wameshabeba friji na sasa wanalitazama kochi, huyo haogopi kitu kisichokuwapo. Kidonge hakilipi deni. Ukimpa dawa ya usingizi ukamrudisha kwenye riba ile ile, umemtuliza mkopeshaji. Lakini mwili wake unaumwa kweli, na deni likiisha mwili hauponi siku hiyo hiyo. Anahitaji sheria ya kumlinda na mkopeshaji, na anahitaji mtu wa kumtibu, na kimoja hakifuti kingine.

Nayo sheria ina la kujifunza. Kwa miongo mingi Kenya, aliyezidiwa na uchungu akajaribu kuyakatisha maisha yake na akanusurika, alikuwa mshitakiwa: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kiliruhusu afungwe hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania nayo, katika kifungu cha 217, inaliita jaribio hilo kosa. Fikiria mzazi anayemkimbiza mwanawe hospitali usiku, huku akipanga njiani uongo atakaowaambia wauguzi kwa kuogopa polisi. Huko nako ni kufukia, safari hii kwa mkono wa serikali.

Njia nyingine ipo, na imejaribiwa na Waafrika wenzetu. Zimbabwe ilikuwa na madaktari wa akili wachache mno. Mmoja wao, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Familia ya kijana huyo ilikuwa imekosa nauli ya kumfikisha hospitali kwa wakati. Mwaka uliofuata, 2006, Chibanda akaanza na bibi 14 wa kitongoji cha Mbare, Harare. Waliwekewa mabenchi ya mbao nje ya zahanati, wakafundishwa kumsikiliza mtu, kumsaidia achague tatizo moja la kuanzia, na kupanga naye hatua ndogo ya wiki hiyo. Utafiti uliohusisha watu 573 ulichapishwa mwaka 2016: waliokaa na bibi hao, baada ya miezi sita, walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Bibi hawakuleta mashine. Walileta muda, busara na midomo inayojua kufungwa. Bibi wa namna hiyo tunao, na mabaraza ya kuwakalisha tunayo. Tunachotakiwa kuongeza ni mafunzo, na kiapo cha siri.

Kuhusu tiba yenyewe, nitasema machache kwa kuwa daktari ndiye wa kumpangia mtu. Iko tiba ya mazungumzo, inayomfundisha mgonjwa kuikagua hofu yake na kuirudia kidogo kidogo ile shughuli aliyoikimbia; mimi nilirudi kwenye daladala kwa kuanzia vituo vya karibu, saa ambazo hazina msongamano. Ziko dawa zinazotumika pia kwa sonona, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani zimeshindwa. Zipo nyingine za kutuliza haraka, kama diazepamu, ambazo zikizoeleka huleta utegemezi, ndiyo maana hazifai kununuliwa kienyeji dukani. Sijaacha kuwa mtu wa wasiwasi. Lakini sasa unakuja, naujua, unapita, na safari yangu inaendelea.

Basi mtu wako akikwambia anaumwa hivi, usimwambie ajikaze; ameshajikaza kuliko unavyojua, ndiyo maana umechelewa kuambiwa. Muulize kama amelala na kama amekula. Mwambie "twende," kisha uende naye kweli, mkae wote kwenye foleni ile. Alichokwambia kibaki kwako, hata kwenye maombi ya hadhara usikitaje. Utani wa Mirembe uuache, kwa kuwa hujui nani amekaa karibu yako anausikia. Na wewe unayesoma haya huku moyo unakwenda mbio, hujapata wazimu na imani yako haijapungua. Una maradhi yenye jina na yenye tiba. Nenda zahanati iliyo karibu, na umwambie daktari kwamba unaishi na hofu, kabla hajakuandikia dawa ya taifodi.